Kwa nini mpiga piano hukaa peke yake jukwaani: Clara Schumann na kazi aliyoijenga

Ukienda kumsikiliza mpiga piano wa muziki wa klasiki, iwe London, Berlin au Tokyo, utakuta mambo yale yale. Jukwaani ipo piano moja kubwa nyeusi na mtu mmoja. Mara nyingi hana karatasi mbele yake. Atapiga kwa saa moja na nusu au mbili, na karibu kila atakachopiga kimetungwa na mtu aliyefariki zamani. Watu wamekaa kimya kabisa, na mwenye kikohozi hujizuia mpaka kipande kiishe. Baada ya makofi anainama, anaondoka, na siku mbili baadaye yuko mji mwingine akifanya hivyo hivyo.

Mtu aliyezoea dansi, taarabu au kwaya huuliza maswali ambayo ni ya haki kabisa. Kwa nini peke yake? Kwa nini ahifadhi maelfu ya nota kichwani ilhali zimeandikwa? Kwa nini hapigi tungo zake mwenyewe? Na mtu wa namna hii anakula wapi, analipwa na nani?

Hakuna kanuni ya muziki inayosema mambo lazima yawe hivyo. Yalikuja hatua kwa hatua ndani ya karne ya 19, na naona njia nyepesi ya kuyaelewa ni kufuata maisha ya mtu mmoja: Clara Schumann, binti wa Leipzig, Ujerumani, aliyezaliwa tarehe 13 Septemba 1819, akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 9 na kushuka kwa mara ya mwisho akiwa na miaka 71. Alipoanza, kazi hii kama tunavyoijua leo haikuwepo. Alipomaliza ilikuwa imeshasimama, na sehemu kubwa ya sura yake ilitoka mikononi mwake. Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi wa Hungaria, naye ana fungu lake, tena kubwa. Lakini Liszt aliacha kupiga kwa malipo mwaka 1847, akiwa na miaka 35. Clara aliendelea kwa zaidi ya miaka 40 baada ya hapo, na hiyo miaka 40 ndiyo iliyozoesha Ulaya nzima.

Mtoto wa duka la piano

Baba yake, Friedrich Wieck, alifundisha piano na pia aliziuza na kuzikodisha. Mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpiga piano aliyewahi kusimama katika ukumbi wa Gewandhaus, ukumbi mkuu wa muziki mjini Leipzig. Ndoa yao ilivunjika Clara akiwa bado mdogo. Kwa sheria za Saxony, dola ambamo Leipzig ilikuwemo, za wakati ule watoto walikuwa wa baba, kwa hiyo akiwa na miaka 5 Clara alirudishwa kwa Wieck, na mama akaolewa tena na kuhamia Berlin. Mtoto huyu alichelewa mno kusema. Alipita miaka minne bila kuongea sawasawa, na nyumbani walidhani ana tatizo la masikio. Masikio yake yalikuwa mazima. Kabla hajafundishwa kusoma nota alikuwa akipiga vipande vidogo kwa kusikiliza tu.

Wieck alimlea kwa mpango. Somo la saa moja kila siku, mazoezi ya saa mbili au tatu, kisha matembezi marefu nje, kwa sababu aliamini mwili uliochoka na kukakamaa hautoi sauti nzuri. Alimtafutia walimu wa utunzi, fidla na uimbaji. Shule ya kawaida, kinyume chake, Clara aliipata kwa muda mfupi sana, kama mwaka mmoja na nusu tu. Ieleweke pia kwamba binti huyu alikuwa tangazo la biashara: mzazi aliyemsikia akipiga alijua mahali pa kumpeleka mwanawe, na mahali pa kununulia piano.

Jambo linalonishangaza kuliko yote katika malezi hayo ni shajara. Ilianzishwa Clara akiwa na miaka 7, na kwa muda mrefu aliyeiandika alikuwa baba yake, lakini kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba binti ndiye anayesema. Ukisoma "mimi" mle ndani, mkono ni wa Wieck: nilipiga vizuri, nilikuwa mvivu, baba alikasirika. Hata pale Clara alipokua na kuanza kuandika mwenyewe, baba aliendelea kuisoma na kuongeza maneno yake. Watoto wenye vipaji vikubwa hujengewa sauti na watu wengine kabla hawajapata yao, na hapa jambo hilo limebaki kwenye karatasi, kwa wino.

Tarehe 20 Oktoba 1828 alishiriki katika onyesho la mtu mwingine pale Gewandhaus. Tarehe 8 Novemba 1830 akafanya lake mwenyewe. Kisha zikaanza safari. Mwaka 1831 walipita Weimar, ambako Goethe, mshairi mkuu wa Ujerumani, mzee wa miaka 82, aliwapokea na kumpa Clara medali yenye sura yake. Walifika Paris wakiwa na matumaini makubwa, lakini masika ya 1832 kipindupindu kikalipuka, wenye fedha wakaukimbia mji, na onyesho lililopangwa likafanyika mbele ya watu wachache.

Jioni ya konseti ilivyokuwa

Tukirudi katika miaka hiyo ya 1830 na kukata tiketi, tusingeona kitu kinachofanana na konseti ya leo. Onyesho lililobeba jina la mpiga piano lilikuwa na watu wengi: okestra ilifungua, mwimbaji aliimba wimbo wa opera, mpiga fidla alipata nafasi yake, ndipo mwenye onyesho akaingia mara mbili au tatu. Alichopiga mara nyingi kilikuwa chake mwenyewe au cha mtindo wa siku hiyo: wimbo maarufu wa opera uliozungushwa na kupambwa kwa vidole vya kasi. Mpiga piano na mtunzi walikuwa mtu mmoja. Sonata za Beethoven, yaani tungo zake ndefu za piano, zilipigwa majumbani, sebuleni, kati ya marafiki. Jukwaani karibu hazikusikika.

Mwanzoni Clara alifuata mkondo huo, na programu zake za utotoni zimejaa watunzi ambao leo hawapigwi kabisa. Lakini mapema sana alianza kuingiza vitu vingine. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga Chopin hadharani nchini Ujerumani, wakati Chopin mwenyewe alikuwa kijana asiyejulikana. Akaongeza Bach, Mendelssohn, na tungo za kijana aliyekuwa mpangaji na mwanafunzi wa baba yake, Robert Schumann. Majira ya baridi ya 1837 hadi 1838, akiwa na miaka 18, alipiga Vienna sonata ya Beethoven iitwayo Appassionata. Mshairi Franz Grillparzer aliandika shairi kuhusu jambo hilo, na mwezi Machi mfalme wa Austria akampa cheo cha mpiga piano wa kasri, heshima ambayo ilikuwa adimu kwa kijana, kwa mgeni, kwa Mprotestanti na kwa mwanamke, na yeye alikuwa hayo yote manne.

Suala la kuhifadhi nalo lina mzizi hapa. Mwaka 1837 Clara alipiga Berlin bila nota, na mwandishi Bettina von Arnim alilalamika kwamba binti huyu anajikweza, anakaa kwenye piano na kupiga bila karatasi. Leo lawama hiyo inashangaza, lakini ndani ya desturi za wakati ule ilikuwa na mantiki. Aliyepiga bila karatasi alionekana anatunga papo hapo, au anapiga kazi yake mwenyewe. Kupiga kazi ya Beethoven kwa namna hiyo kulikuwa kama kusema ni yangu. Kuweka karatasi mbele kulikuwa adabu kwa mtunzi.

Clara na Liszt waliigeuza maana hiyo. Kidogo kidogo wasikilizaji walianza kuona kwamba aliyeihifadhi kazi ameiingia ndani kabisa, na mwenye karatasi bado yuko nje yake. Mwishoni mwa karne kilichokuwa majivuno kikawa sharti. Na sharti hilo lilimgeukia Clara mwenyewe: katika barua za utu uzima wake kwa rafiki yake, mtunzi Johannes Brahms, anaeleza hofu inayompata kati ya kipande na kipande, hofu ya kusahau, na bado hawezi kujilazimisha kuweka nota mbele yake. Wapiga piano wengi wanaijua hofu hiyo. Sviatoslav Richter, mmoja wa wakubwa wa karne ya 20, aliamua uzeeni kupiga akiwa na karatasi na taa ndogo jukwaani, na muziki wake haukupungua. Mimi nadhani Richter alikuwa sahihi. Wanafunzi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, wanaruhusiwa kuweka nota mbele yao, na anayepiga kwa kuhifadhi hapewi alama za ziada kwa sababu hiyo.

Kiingilio, mishumaa na piano mbovu

Fedha zilitoka wapi? Hapakuwa na wakala wala kampuni ya maonyesho. Wieck alifika mji mpya siku kadhaa kabla, mkononi ana barua za utambulisho. Alikwenda kwa wakubwa wa mji, na Clara alipiga sebuleni kwao bila malipo ili jina lisambae. Wengine walitoa zawadi, bangili au pete, ambazo haziwezi kulipia nyumba ya wageni. Kisha Wieck alikodi ukumbi, akachapisha matangazo na tiketi, akatafuta wanamuziki wengine, akalipia mishumaa, akakagua piano iliyokuwepo na mara nyingine kuirekebisha kwa mikono yake. Jioni yenyewe alisimama karibu na mlango akihesabu kiingilio. Kilichobaki baada ya gharama zote ndicho kilichokuwa pato.

Mwaka 1839, ugomvi na baba ukiwa umeshaanza, Clara alikwenda Paris bila yeye. Alikuwa na miaka 19, na kwa mara ya kwanza aliyafanya yote hayo mwenyewe: barua, ukumbi, tiketi, hesabu. Ilikuwa safari ngumu, lakini ndiyo iliyomfundisha kazi upande wa pili wa pazia, na baadaye elimu hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake.

Ugomvi ulikuwa juu ya Robert. Robert Schumann alikuwa na miaka 20 alipohamia nyumbani kwa Wieck mwaka 1830 akitaka naye kuwa mpiga piano. Mkono wake wa kulia uliharibika ndani ya miaka miwili, akabaki mtunzi. Yeye na Clara walichumbiana mwaka 1837. Wieck alikataa katakata, akampaka Robert matope, akazuia fedha ambazo Clara alizichuma tangu utotoni. Wachumba walikwenda mahakamani, na mahakama ikawaruhusu. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840 katika kanisa la kijiji cha Schönefeld karibu na Leipzig, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21.

Kuta nyembamba

Ndoa ilikuwa ya mapenzi ya kweli, na ndani yake mlikuwa na tatizo la kazi ambalo hakuna aliyelitatua. Kuta za nyumba zilikuwa nyembamba. Robert akitunga, piano ya Clara haiwezi kulia. Katika shajara waliyoiandika pamoja, Clara analalamika kwamba mazoezi yake yanazidi kurudi nyuma, kwamba siku nzima haipatikani hata saa moja yake. Robert aliona, akasikitika, akaendelea kutunga.

Walipata watoto wanane kati ya 1841 na 1854, mmoja akafariki mchanga. Clara hakuacha jukwaa. Mwaka 1842 alikwenda Copenhagen peke yake baada ya Robert kurudi nyumbani kutoka Hamburg, jambo lililozua maneno. Mwaka 1844 walikwenda Urusi kwa miezi kadhaa, wakiwaacha mabinti wawili wadogo kwa ndugu wa Robert. Yeye aliugua njiani, mkewe akapiga St. Petersburg na Moscow. Tarehe 4 Desemba 1845 alipiga Dresden kwa mara ya kwanza koncheto ya Robert, yaani tungo yake ya piano na okestra, ile ambayo leo karibu kila mpiga piano wa konseti anaijua.

Na tungo zake? Alikuwa mtunzi tangu utoto. Koncheto yake ya piano ilipigwa Gewandhaus tarehe 9 Novemba 1835, Mendelssohn akiongoza okestra, Clara mwenyewe kwenye piano akiwa na miaka 16. Lakini mwaka 1839 aliandika katika shajara kwamba aliwahi kudhani ana kipaji cha kutunga, sasa wazo hilo ameliacha, mwanamke asitamani kutunga. Aliendelea hata hivyo: mwaka 1846 alimaliza trio ya piano, fidla na selo (fidla kubwa yenye sauti nzito) ambayo kwangu ni kazi yake bora kabisa. Baada ya miaka ya 1850 alinyamaza karibu moja kwa moja.

Mjane na reli

Tarehe 27 Februari 1854, mjini Düsseldorf, Robert alijitupa katika mto Rhine. Alitolewa akiwa hai, na siku chache baadaye akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich karibu na Bonn. Clara alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa mwisho. Madaktari walimzuia kumwona mumewe kwa zaidi ya miaka miwili; walipokutana, Julai 1856, Robert alikuwa amebakiza siku mbili za kuishi.

Marafiki walitaka kuandaa maonyesho ya kumchangia. Alikataa. Mtoto alizaliwa Juni 1854, na Oktoba Clara alikuwa njiani. Brahms, kijana wa miaka 21 aliyekuwa ameingia katika maisha yao mwaka mmoja kabla, alibaki Düsseldorf akiangalia nyumba, watoto na daftari la matumizi.

Kuanzia hapo tunaona umbo la maisha ambalo wapiga piano wanaliishi hadi leo. Msimu ulianza vuli na kuisha masika. Reli zilikuwa zimeenea, na mji uliochukua siku mbili kwa gari la farasi ulifikiwa kwa saa chache. Hapo ndipo ratiba ya kupiga mji huu leo na ule keshokutwa ilipowezekana. Aliandika barua mwenyewe kwa wenye kumbi, akapanga bei, akachagua nani apige naye. Uingereza alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1856 na kurudi mara nyingi, kwa sababu London ililipa vizuri. Watoto waligawanywa: wengine shule za bweni, wengine kwa jamaa, na majira ya joto wakakutanika nyumbani. Alilaumiwa kwa hilo akiwa hai na baada ya kufa. Sioni lawama hiyo ina msingi gani. Robert alipokuwa amelala Endenich, bili za hospitali zilikuja kwa mkewe, na zililipwa kwa vidole vyake.

Misiba ilimfuata barabarani. Binti yake Julie alifariki Novemba 1872. Clara alipata habari akiwa Heidelberg, ana onyesho jioni hiyo, akapanda jukwaani. Mwanawe Ludwig alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Felix alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1879, Ferdinand akaharibiwa na mofini aliyoanza kutumia kwa maumivu, na wajukuu wakarudi mikononi mwa bibi yao.

Jukwaani alivaa nguo nyeusi. Hakupiga tena mapambo ya opera. Alipiga Bach, Beethoven, Schubert, Chopin, Robert, na baadaye Brahms, na wahakiki wakamwita kuhani wa sanaa. Ukimya wa ukumbi tunaouona leo, ile hali ya kukaa kama ibadani, umetoka kwa kiasi kikubwa kwenye jioni za namna hii. Waimbaji na wasaidizi hawakutoweka mara moja. Clara alipiga pamoja na wengine hadi mwisho, hasa na mpiga fidla Joseph Joachim. Ila kitovu kilikuwa kimehama. Watu walikuja kusikia kazi ya mtunzi kupitia mtu aliyeielewa.

Mkono

Mpiga piano hutumia misuli midogo kwa kazi kubwa, tena kwa kurudia. Na piano yenyewe ilikuwa inabadilika. Piano iliyoundwa na fundi Conrad Graf, ambayo Clara alipewa karibu na ndoa yake, na ambayo baadaye alimpa Brahms, ilikuwa na fremu ya mbao na vitufe vyepesi. Kufikia miaka ya 1860 fremu ya chuma ilishika nyuzi zilizokazwa zaidi, sauti ikawa kubwa ya kujaza kumbi kubwa, na vidole vikatakiwa kubeba uzito zaidi. Tungo nazo zilinenepa. Clara ndiye aliyepiga hadharani kwa mara ya kwanza, Hamburg mwaka 1861, tungo za Brahms zinazozungusha wimbo wa Handel, kazi ndefu na nzito ambayo ilimchosha sana.

Mwishoni mwa 1873 mkono ulimsimamisha. Hakurudi vizuri jukwaani mpaka 1875. Mwaka 1877 Brahms alichukua kazi maarufu ya Bach ya fidla pekee, akaiandika upya kwa mkono wa kushoto tu, akamtumia. Ilimfika siku zile zile ambazo mshipa wa mkono wake wa kulia ulikuwa umeteguka alipokuwa akivuta droo. Kati ya barua zote za watu hawa wawili hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi: Brahms hakujua, na zawadi ikafika pale pale palipouma.

Wengi wameumia baada yake. Mmarekani Leon Fleisher alipoteza matumizi ya mkono wa kulia katikati ya miaka ya 1960, vidole viwili vikijikunja bila idhini yake, ugonjwa wa neva ambao tiba yake haikujulikana. Kwa takriban miaka 30 alifundisha, akaongoza okestra, akapiga kazi za mkono wa kushoto, hadi sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, zilipomrudishia kiasi. Mtu anayeanza kujifunza piano leo na kuhisi maumivu asiambiwe avumilie. Maumivu ni taarifa.

Kufundisha

Mwaka 1878 Clara aliajiriwa na chuo kipya cha muziki cha Hoch, Frankfurt. Mkuu wa chuo, Joachim Raff, alisema wazi kwamba hataajiri mwanamke mwingine, na kwamba Bi Schumann anamhesabu kuwa mwanamume. Clara naye aliweka masharti: wanafunzi waje nyumbani kwake, na apewe ruhusa ya kusafiri majira ya konseti. Alipewa. Mabinti zake Marie na Eugenie walimsaidia kuwaandaa wanafunzi. Alifundisha hadi 1892, huku akihariri tungo zote za Robert kwa ajili ya kuchapishwa.

Hakuna rekodi ya Clara, ingawa mashine ya kurekodi sauti ilikuwepo tangu 1877. Zipo za wanafunzi wake. Fanny Davies alirekodi koncheto ya Robert mwaka 1928, na Adelina de Lara aliishi mpaka 1961 na kuacha rekodi za uzeeni. Kinachosikika ni mwimbo mrefu, usio na haraka. Clara aliwakemea wanafunzi waliokimbiza nota za kasi kana kwamba ni daraja la kuvukia tu. Kwake kila nota ilikuwa na la kusema.

Onyesho lake la mwisho hadharani lilikuwa Frankfurt, tarehe 12 Machi 1891. Alifariki tarehe 20 Mei 1896, akazikwa Bonn kando ya Robert.

Kilichoongezwa, na kilichosahauliwa

Karne ya 20 iliongeza milango ya kuingilia. Mashindano, kwanza: lile la Chopin lilianza Warsaw mwaka 1927, na mwaka 1958 kijana wa Texas, Van Cliburn, alishinda lile la Tchaikovsky mjini Moscow katikati ya Vita Baridi, akarudi New York kupokewa kwa gwaride. Wakala alichukua nafasi ya Wieck na anakata asilimia yake. Rekodi zilileta njia nyingine kabisa: Glenn Gould wa Kanada aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akiwa na miaka 31, akabaki studio mpaka kifo chake. Lakini msingi ni ule ule. Wapiga piano wengi hawana mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa kila onyesho, nauli na mazoezi ni juu yao, na kinachowaweka mjini ni kufundisha.

Lililobaki kuelezwa ni swali la tungo zao wenyewe. Clara alipowazoesha watu kwamba mpiga piano wa kweli huja kuhudumia kazi za watunzi wakubwa, alimtenganisha mpiga piano na mtunzi. Mgawanyo huo ulitupa uwezo wa kumsikia Beethoven jukwaani. Vilevile uliacha nje kazi za Clara Schumann. Yeye mwenyewe aliziweka pembeni katika programu zake za utu uzima, na wapiga piano waliomfuata wakaendelea kutozipiga kwa karibu miaka mia moja. Koncheto aliyoipiga akiwa na miaka 16 ilikuwa haifahamiki hata kwa watu waliosomea piano maisha yao yote.

Hali imeanza kubadilika. Katika mwaka wa kutimia miaka 200 ya kuzaliwa kwake, 2019, Isata Kanneh-Mason, Mwingereza ambaye mama yake anatoka Sierra Leone, alitoa albamu yake ya kwanza ikiwa na muziki wa Clara, koncheto hiyo ikiwemo. Anayetaka pa kuanzia aanze na trio ya 1846, kisha asikilize sehemu ya pili ya koncheto, ambapo okestra nzima inapumzika na piano inazungumza na selo moja. Akishazizoea hizo, azitafute zile romansi tatu za fidla na piano alizoziandika mwaka 1853 kwa ajili ya mpiga fidla Joseph Joachim, ambazo ni fupi na mpiga fidla wa kiwango cha kati anaweza kuzijifunza.